Piano baada ya kustaafu, kwa mtu aliyelelewa na solfa

Mtu aliyeimba kwaya miaka mingi kwa solfa, yaani kwa kusoma nota kwa majina yake ya Do, Re, Mi, kisha akaketi mbele ya piano baada ya kustaafu, hukutana na jambo ambalo mtoto wa miaka saba hakutani nalo: sikio lake liko mbele sana ya vidole vyake. Mtoto hupiga nota isiyo sahihi na kuendelea kwa furaha, kwa kuwa bado hajui wimbo ulipaswa kusikika vipi. Mimi nimeimba sauti ya pili, yaani alto, tangu nikiwa msichana wa kipaimara, nikaendelea nayo miaka yote ya uuguzi, nikibadilishana zamu na wenzangu ili nisikose mazoezi. Kwa hiyo kordi, yaani nota kadhaa zinazosikika pamoja, ikipigwa vibaya naisikia kabla kidole hakijainuka, na najua hasa ni ipi kati ya zile sauti nne iliyoharibika. Ninachoshindwa ni kuirekebisha kwa wakati. Nimekuja kuamini kwamba ugumu wa kujifunza piano katika umri wetu, angalau kwa sisi watu wa kwaya, umo zaidi katika pengo hilo kuliko katika umri wenyewe.

Wengi wetu tuliipokea solfa kana kwamba ilizaliwa humu humu usharikani, kumbe ina historia ndefu. Ilianzia kwa Sarah Glover, mwalimu wa Norwich nchini Uingereza, ikaboreshwa na kuenezwa tangu miaka ya 1840 na mchungaji John Curwen, kisha wamisionari wakaileta Afrika, ambako ilishika mizizi kwa sababu nzuri: inaandikwa kwa herufi za kawaida, nukta, mikato na nukta pacha, hivyo unaweza kuiandika ubaoni kwa chaki au kuipiga kwa mashine ya chapa bila kuchora ile mistari mitano. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, alipotunga mwaka 1897 wimbo ambao leo tunauimba kwa maneno ya "Mungu Ibariki Afrika", aliuandika kwa solfa. Sioni kwa nini mtu aliyefundishwa kwa njia hiyo aingie kwenye somo la piano akijiona hajawahi kusoma muziki.

Kinachofichwa na solfa ni mahali. Mwalimu wa kwaya anatangaza kwamba Do ni G (nota zenyewe huitwa kwa herufi, A hadi G), anatoa sauti, na papo hapo kila mtu anaipata Mi yake na So yake. Wiki inayofuata wimbo ule ule unashushwa kwenye F kwa sababu soprano wamechoka, na hakuna anayelazimika kujifunza upya. Koo haina ramani. Piano inayo, na ramani hiyo haihami. Do ikiwa C, mkono unatembea juu ya vitufe vyeupe tu. Ikiwa G, unahitaji kitufe cheusi kimoja kwa ajili ya Ti. Ikiwa F, unahitaji kimoja kwa ajili ya Fa. Ikiwa E flat, vinakuwa vitatu, na umbo lote la mkono linabadilika. Wimbo ambao kwa mwimbaji ni mmoja, kwa vidole unakuwa kama nyimbo kadhaa zenye ndugu mmoja.

Hata hivyo, solfa hiyo hiyo ndiyo iliyonifungulia ramani. Tangu utotoni nilijua kwa sikio kwamba hatua ya Mi kwenda Fa ni fupi, na ya Ti kwenda Do ni fupi, lakini sikuwa nimepata kuiona kwa macho. Katika kila oktava ya piano, yaani kutoka Do moja kuelekea Do inayofuata, kuna vitufe kumi na viwili, saba vyeupe na vitano vyeusi, na kuna sehemu mbili ambapo vyeupe vimekaa pamoja bila cheusi katikati: E na F, kisha B na C. Do ikiwa C, hizo ndizo Mi-Fa na Ti-Do. Mwalimu wangu aliponionyesha hilo, skeli zote kumi na mbili, yaani zile ngazi za Do hadi Do, zikaacha kuwa orodha ya kukariri. Nilianza kuzitafuta mwenyewe kwa kuimba, nikitembeza mkono mpaka sikio liridhike, kisha ndipo nikaangalia kitabuni kama nimepatia. Hata zile Fe (Fa iliyopandishwa kidogo) na Ta (Ti iliyoshushwa kidogo) ambazo waimbaji wa sauti ya pili huzikwepa kila zinapotokea katikati ya wimbo zilipata makazi: Fe ni kitufe kilicho mara moja kulia kwa Fa, na Ta ni kile kilicho mara moja kushoto kwa Ti.

Hapa niseme neno kuhusu kile kitufe cha kuhamisha Do kilichomo katika vinanda vya umeme. Vijana wengi wanaopiga kinanda makanisani hupiga kila wimbo katika sehemu moja waliyoizoea, kisha hubonyeza kitufe hicho ili sauti itoke juu au chini kadiri kiongozi anavyotaka. Siwacheki, wanahudumia ibada zaidi ya moja kila Jumapili, na mwimbishaji anaweza kuanzisha pambio popote sauti yake ilipoangukia bila kuwataarifu. Lakini kwa mwanafunzi mzee mwenye sikio la kwaya, kitufe hicho kinaharibu. Macho yanaona C huku masikio yanasikia E flat, na kile ambacho piano ilikuja kukufundisha, yaani mahali, kinafutwa. Mwalimu alinizuia kukitumia tangu mwanzo, nami namshukuru kwa ukali huo.

Mwalimu mwenyewe ni kijana wa rika la mtoto wangu wa mwisho. Anaingia, ananipa shikamoo, naitikia marahaba, tunaulizana habari za nyumbani kama inavyopasa, kisha dakika chache baadaye ananiamuru nirudie mstari ule ule mpaka nichoke. "Mama, kidole cha nne hapo, si cha tatu." Namjibu, "Sawa, mwalimu," na narudia. Watu wa umri wangu wananiuliza kama sioni haya kufundishwa na mtoto. Nimefanya kazi wodini na madaktari waliokuwa wadogo kuliko mimi kwa miaka mingi, kwa hiyo hilo halikunisumbua. Naona wengi wanaoacha piano ukubwani huachishwa na aibu ya kusikika wakikosea, na aibu hiyo inapungua sana ukipata mwalimu anayejua kukukosoa bila kukudhalilisha, na ukikubali kwamba heshima ya shikamoo na ukali wa somo vinaweza kukaa katika chumba kimoja.

Kuhusu chombo chenyewe, anayeishi Dar es Salaam au popote pwani ana mambo ya kufikiria kabla ya kutumia sehemu ya kiinua mgongo chake. Piano ya asili, aina ile ambayo Bartolomeo Cristofori aliibuni mjini Florence karibu na mwaka 1700, ni mashine ya mbao, chuma, ngozi na sufu. Ndani yake kuna nyuzi 230 hivi, na mvuto wao kwa pamoja hufikia takriban tani 18 hadi 20, mzigo unaobebwa na fremu ya chuma. Unyevu wa pwani huvimbisha mbao, vitufe vikaanza kunata. Chumvi ya hewani hutia nyuzi kutu. Nondo hula ile sufu ya nyundo na mchwa hujihudumia kwa mengineyo. Kila mabadiliko ya majira huisogeza sauti, na fundi wa kuisawazisha hapatikani kirahisi. Nimewahi kuona piano nzuri ya zamani imegeuzwa meza ya kuwekea maua kwa sababu nusu ya vitufe vyake haviinuki tena. Kama ningekuwa naishi Lushoto au Moshi labda ningejaribu. Hapa mjini nilichagua piano ya umeme.

Tofauti iliyopo kati ya piano ya umeme na kinanda cha kawaida kinachouzwa Kariakoo inafaa kuelezwa, maana bei zake zimeachana sana na wauzaji huviita vyote kwa jina moja. Kinanda cha kawaida kina vitufe 61, yaani oktava tano, na vitufe hivyo ni vyepesi, vinarushwa na springi. Kwa nyimbo za kitabu zenye sauti nne oktava tano zinatosha kabisa, na anayetaka kujaribu tu bila gharama kubwa aanze nacho bila kuona haya. Piano ya umeme ina vitufe 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, kama ile ya asili, na vina uzito: kitufe cha piano huhitaji takriban gramu 50 ili kishuke. Uzito huo ndio unaokifundisha kidole kutofautisha sauti nzito na sauti laini. Aliyezoea springi akihamia kwenye vitufe vyenye uzito anaona vidole vyake vimekuwa dhaifu ghafla. Umeme ukikatika, bila shaka, mazoezi yanaishia hapo, jambo ambalo halingempata mwenye piano ya asili. Kwa upande mwingine naweza kuvaa vipokea sauti vya masikioni usiku, na jirani hajui kwamba narudia kipande kile kile kwa mara isiyojulikana.

Mwili nao unadai haki yake, na hapa nazungumza kwa uzoefu wa kazi yangu. Kidole cha pete hakiinuki kwa uhuru kama vingine kwa sababu kano zinazokiinua zimeunganishwa na za majirani zake nyuma ya kiganja. Weka kiganja mezani, kunja kidole cha kati kwa ndani, kisha jaribu kuinua kile cha pete, utaona. Hiyo ni hali ya maumbile kwa vijana na wazee sawa, na hakuna zoezi la kukata viunganishi hivyo. Robert Schumann, akiwa bado kijana, alipoteza uwezo wa mkono wake wa kulia na ndoto yake ya kuwa mpiga piano ikaishia hapo; sababu inabishaniwa hadi leo, na kifaa cha kuimarisha vidole ni miongoni mwa zinazotajwa. Mzee asishindane na kano zake. Kinachosaidia ni kuuacha mkono wote uelekee upande wa kidole kinachopiga, ili uzito wa mkono ufanye kazi ambayo kidole pekee hakiiwezi.

Uzee wenyewe unaonekana kwenye viungo. Ugonjwa wa kuchakaa kwa viungo vya vidole huwapata zaidi wanawake baada ya kukoma hedhi, na sehemu zinazoathirika mara nyingi ni shina la kidole gumba na vile viungo vya mwisho karibu na kucha. Gumba langu la kulia lina dalili hizo. Nafanya mazoezi kwa vipindi vifupi, mara mbili kwa siku, na nikihisi maumivu makali au ganzi nafunga kifuniko siku hiyo bila mjadala. Mtu mwenye maumivu yanayoendelea aende akapimwe. Asiyavumilie kwa imani kwamba mazoezi yatayaondoa.

Macho ni suala ambalo hakuna aliyenitahadharisha nalo. Miwani ya kusomea hutengenezwa kwa ajili ya kitabu kilichoshikwa mkononi, umbali wa sentimita 40 hivi, wakati karatasi ya nota iliyo juu ya piano huwa umbali wa sentimita 60 hadi 70. Kwa miwani hiyo nota zinakuwa na ukungu. Mtu anainama mbele bila kujua, mgongo unauma, na analaumu kiti. Pima umbali kutoka machoni hadi kwenye karatasi ukiwa umeketi wima, mpelekee fundi wa miwani kipimo hicho, akutengenezee miwani ya piano peke yake. Hakuna kitu nilichokinunua chenye faida kubwa kwa gharama ndogo kuliko miwani hiyo.

Katika mazoezi, mwalimu ananitaka nipige kila mkono peke yake mpaka usiwe na maswali, kisha niiunganishe kwa mwendo wa polepole kupita kiasi. Vidole huhesabiwa kuanzia gumba, ambalo ni la kwanza, hadi kidole kidogo, ambacho ni cha tano, na namba zilizoandikwa kwa penseli juu ya nota hazibadilishwi kiholela, maana mkono hukumbuka mfuatano wa vidole kabla ya kukumbuka nota. Skeli alinianzishia kwa mikono inayoachana, gumba zote mbili zikiwa kwenye C ya katikati, mkono wa kulia ukipanda na wa kushoto ukishuka. Kwa namna hiyo vidole vya namba moja hukutana na kazi kwa wakati mmoja katika mikono yote miwili: moja, mbili, tatu, gumba linapita chini, moja, mbili, tatu, nne, tano. Mikono inapopanda pamoja kuelekea upande mmoja gumba hupita kwa nyakati tofauti, na hapo ndipo ubongo unapogoma. Nilijifunza kuchoma sindano kwenye mshipa kwa mikono ya namna hiyo hiyo, iliyogoma kwanza na kisha ikafanya kazi bila kuulizwa, kwa hiyo kugoma huko hakunitishi. Nimeona pia kwamba kipande kilichonisumbua jioni mara nyingi hupitika asubuhi, na mzee aliyestaafu ana nafasi ya kungoja asubuhi kuliko mtoto mwenye mtihani.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote limetokana na sauti ya pili. Wimbo wa kitabu wenye sauti nne hugawanywa hivi: mkono wa kulia hubeba soprano na alto, wa kushoto hubeba tenor na besi. Soprano huangukia vidole vya nje, cha nne na cha tano, ambavyo ni dhaifu, na alto huangukia gumba au kidole cha shahada, vyenye nguvu. Kwa mtu wa kawaida hilo ni tatizo la nguvu tu: gumba linazidi, wimbo unazama. Kwangu kuna zaidi. Sikio langu kwa miaka yote limekuwa likifuata sauti ya pili, kwa hiyo gumba langu la kulia lilijifunza nyimbo upesi kuliko vidole vingine vyote na likawa linajitangaza. Mwalimu alicheka, akasema, "Mama, leo tumemsikia alto peke yake." Dawa aliyonipa ni kupiga kordi nzima huku nikiimba soprano kwa mdomo, sauti ambayo sijawahi kupewa na kwaya yoyote. Ilinishangaza kuona jinsi ilivyo kazi ngumu kwa mtu wa sauti ya pili kuimba ile sauti ya kwanza ambayo kila muumini kanisani anaijua. Baada ya hapo nilianza kusikia kwa nini mwanakwaya wa soprano hupumua pale anapopumua, kitu ambacho kukaa nyuma yake miaka yote hakukunifundisha.

Kusoma mistari mitano kulikuja baadaye na bado kunaendelea. Ufunguo wa G na ufunguo wa F, alama zinazoonyesha mistari mitano ya juu na ile ya chini, vilinichanganya mpaka nilipoelezwa kwamba C ya katikati inakaa kwenye mstari mdogo mmoja chini ya ufunguo wa G, na kwenye mstari mdogo mmoja juu ya ufunguo wa F, yaani ni nota ile ile inayounganisha ghorofa mbili. Kipande changu cha kwanza nje ya nyimbo za kanisa kilikuwa minueti (muziki wa dansi ya zamani) katika G iliyomo katika daftari la mwaka 1725 la Anna Magdalena, mke wa Johann Sebastian Bach. Kwa muda mrefu ilidhaniwa ni ya Bach mwenyewe, lakini mtunzi wake ni Christian Petzold, mpiga kinanda wa kanisa mjini Dresden. Ina sauti mbili tu karibu mwanzo hadi mwisho, na ndiyo maana inawafaa watu wa kwaya: mkono wa kushoto unaimba wimbo wake wenyewe, nasi tumezoea kuimba wimbo wetu huku jirani akiimba wake.

Marafiki huniambia kwamba piano itaniepusha na kusahau. Watafiti wa Geneva nchini Uswisi na wenzao walichapisha mwaka 2023 matokeo yao kuhusu wastaafu 132 wenye afya, wa umri wa miaka 62 hadi 78, ambao hawakuwa wamesoma muziki kwa zaidi ya miezi sita maishani; baadhi walifundishwa piano na wengine walifundishwa kusikiliza muziki kwa makini, kwa miezi sita. Kumbukumbu ya muda mfupi iliongezeka katika makundi yote mawili, na kwa waliopiga piano sehemu ya ubongo inayopokea sauti haikupungua kama ilivyopungua kwa wasikilizaji. Watafiti wenyewe walikuwa waangalifu kusema kwamba ubongo kwa jumla uliendelea kuzeeka. Kama muuguzi nasema ni habari njema, lakini watu 132 ni wachache, na nisingemshauri mtu anunue piano kama anavyonunua dawa. Asiyependa muziki ataichukia kabla ya miezi sita kwisha.

Kwa sasa napiga kwenye mazoezi ya alto peke yao, kabla kwaya nzima haijakutana. Kupiga huku watu wanaimba ni somo jingine kabisa, kwa sababu waimbaji hawasimami kukusubiri utafute kidole. Ukikosea unaendelea na unaingia nao kwenye mstari unaofuata. Sikio la kwaya hapo linalipa deni lake lote, maana najua watapumua wapi kabla hawajapumua. Wenzangu wananidai nyimbo mbili za Pasaka ambazo Do yake iko kwenye E flat, na wamekataa kuzishusha hadi D ingawa nimewaomba kwa adabu. Mkono wa kushoto bado haujazikubali, hasa pale besi inaporuka oktava nzima kwenye kiitikio.